Mkaguzi Mkuu, hizo ripoti zitufikie mtaani: barua ya wazi kwa Bi. Nancy Gathungu

Mheshimiwa, salamu nyingi kutoka Eastlands, hapa Nairobi.

Nakuandikia hapa wazi juu najua tuko wengi na hili swali: mbona ripoti zako hazitufikii mtaani? Kila ripoti zako za kukagua pesa za serikali zikitoka, redio zinaongea siku mbili tatu, mabilioni hayana maelezo, kontrakta amelipwa na kazi haijaisha, risiti hazikuonekana, halafu kimya. Mwaka unaofuata ni maneno yale yale.

Kwanza pokea asante, na natoa kwa moyo. Nchi hii ilikaa karibu mwaka mzima bila Mkaguzi Mkuu, toka Edward Ouko amalize muda wake Agosti 2019 mpaka ukaapishwa wewe Julai 2020, na ukiingia tu ukakuta mambo ya KEMSA, lile shirika la serikali la kununua dawa, na pesa za korona yanakungoja. Mwaka wa 2025 ni ofisi yako ilituambia kwamba ule mfumo wa kompyuta wa SHA, mamlaka ya bima ya afya, wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Bila wakaguzi wako hayo tungeyajulia wapi?

Lakini Katiba kifungu cha 229 inakupa miezi sita baada ya mwaka wa pesa kuisha Juni 30, yaani Desemba 31 uwe umemaliza, halafu Bunge na mabunge ya kaunti wako na miezi mitatu wajadili ripoti na wachukue hatua. Wewe huwezi kushika mtu wala kumpeleka kortini, ukishapeana ripoti imebaki kwa wengine na hapo ndipo inalala, kamati zinakaa kusoma hesabu za miaka iliyopita wakati wenye kuulizwa walishahamishwa ama wakastaafu. Na kifungu cha 226 kimesema wazi, aliyeidhinisha pesa itumike kinyume cha sheria atalipa hiyo hasara yeye mwenyewe, hata kama ameshatoka kazini. Ni wangapi wamewahi kulipa? Mimi mlipa kodi sijaonyeshwa orodha.

Kuna soko hapa karibu na kwetu lilianza kujengwa, mabati yakazungushwa, bango likawekwa, sai bango halipo na mama mboga wako kando ya barabara wananyeshewa na watoto mgongoni. Nikafungua ripoti kwa simu nitafute hilo soko. Ni mamia ya kurasa, Kiingereza cha wahasibu mwanzo mpaka mwisho, na soko sikulipata. Hata pale ofisi imeshindwa kuwapa wakaguzi makaratasi mpaka wakasema hawawezi kutoa maoni kama hesabu zake ni sawa ama si sawa, na hiyo ndiyo ripoti mbaya kuliko zote, vile imeandikwa mama mboga hawezi kujua. Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi, kifungu cha 7, sasa mbona hesabu ya pesa zetu hatuandikiwi nacho?

Ombi langu ni hili. Nairobi iko na wadi 85, kila wadi ipate ukurasa wake mmoja kwa Kiswahili: mradi gani, uko wapi, umelipiwa pesa ngapi, mkaguzi alifika akakuta nini. Ubandikwe kwa ofisi ya chifu, kwa zahanati, usambazwe WhatsApp. Na chini yake muweke yale mliyosema mwaka jana na bado hayajajibiwa, pamoja na cheo cha ofisa anayefaa kujibu, juu bila hiyo wataendelea kungoja tusahau.

Najua kazi ni nyingi na bajeti yenu inakatwa na hao hao mnaokagua, kwa hivyo siombi wadi zote mara moja. Anza na kumi kwa ripoti inayokuja, hata kama yetu haimo. Vijana wako hapa, simu ziko na kamera, tutaenda kwa kila mradi tupige picha na tupeleke maswali kwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi, tukiwa na karatasi yako mkononi.

Mkaazi wa Eastlands, Nairobi