Barua kwa mwanangu: magunia ya harusi yako

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha zako zote za harusi za Wamarekani, zile zenye mapambo ya magunia, zimeingia kwenye simu ya baba yako. Alizitazama moja moja, kisha akauliza kama hao watu wameoana ghalani. Nikamwambia ndiyo, huko Marekani watu wanalipa hela nyingi waolewe ghalani. Akanyamaza, akarudi kwenye redio yake.

Mimi nimekubali. Harusi iwe hapa nyumbani chini ya miembe, na mapambo tuyatengeneze wenyewe. Mpambaji wa mjini tumwache. Lakini kuna jambo ambalo picha zako hazisemi. Kwetu sisi gunia ni gunia. Shangazi zako wakiingia wakalikuta juu ya meza, wa kwanza atauliza mahari imekwenda wapi. Watanyamaza wakiona ukingo umekunjwa vizuri, kadi imekatwa sawasawa, kamba haina vinyweleo. Pambo la bei nafuu lisilomaliziwa huonekana uhaba, na watu wa hapa wana macho. Kwa hiyo tutengeneze vitu vichache, na kila kimoja kimaliziwe kuliko cha dukani.

Nianze na gunia, maana cherehani ndiyo kazi yangu. Ya sandarusi sitaki kuyaona. Yanang'aa, na yanapiga kelele kila mtu akiweka kiwiko. Tunataka ya katani, na nimeshamwomba muuza karanga sokoni aniwekee yaliyotumika. Yataloweshwa usiku kucha, yafuliwe, yaanikwe juani ndipo yashonwe, kwa sababu ukishona kabla ya kufua yatarudi na mishono itajikunja. Wakati wa kukata usifuate chaki wala rula. Chomoa uzi mmoja pembeni, uvute taratibu mpaka utoke wote. Pale ulipotoka panabaki njia nyembamba iliyonyooka, na mkasi unapita humo humo. Ukikata kwa kukisia macho, gunia litakwenda upande, hata mkono uwe mzoefu namna gani. Ukitaka matamvua kama ya kwenye picha, shona kwanza mstari wa mashine sentimita tatu kutoka ukingoni, halafu uchomoe nyuzi za nje. Yataishia kwenye mshono, hayatakwenda zaidi.

Kila meza ipate utepe wa sentimita 30 katikati, juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe hakina mjadala, mama. Akina mama wa jumuiya wanavyo, tutaazima, tutafua na kupiga pasi kabla ya kurudisha.

Sasa kadi. Hii ndiyo itaingia nyumbani kwa mtu kabla yako, kwa hiyo nguvu zako ziweke hapa. Nunua manila za A4, gramu 160 au zaidi. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, inalegea mkononi. A4 moja ukiikata katikati unapata A5 mbili, na kila A5 ukiikunja mara moja inakuwa kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8, inayoingia kwenye bahasha ya C6. Wageni waalikwa wakiwa na kadi 150, ni manila 75. Wewe nunua 85. Mikono ya wadogo zako naijua. Maneno yachapwe kadi mbili kwenye karatasi moja kabla ya kukata, utalipia kurasa nusu.

Kuna kitu ambacho watu wa stationari hawakwambii mpaka uulize. Karatasi ina nyuzi zake, kama kitambaa. Ipinde kidogo bila kuivunja, kwanza huku, halafu kule. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo ukizifuata unakuwa laini. Ukizikata, manila inapasuka mgongoni na kadi mpya inaonekana imekaa mfukoni mwaka mzima. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, ukandamize kidogo, ndipo ukunje juu ya alama hiyo.

Mbele ya kadi tubandike kipande kidogo cha kitenge, kile kile utakachovaa kwenye send-off. Gundi usinunue. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo kwa vijiko vitano vya maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo uweke motoni na uendelee kukoroga mpaka iwe nzito na iangaze. Paka nyembamba, kisha kadi zilale chini ya vitabu vizito mpaka kesho yake, la sivyo zitajikunja. Pika kidogo kidogo, maana inachacha haraka. Majina ya wageni uandike wewe kwa mkono wako, peke yako. Mwandiko wa watu watatu kwenye kadi za harusi moja sijawahi kuupenda.

Na usipeleke kuchapa kabla tarehe haijathibitishwa parokiani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, na kanisani nako mtatangazwa.

Kadi za michango umesema nazo ziwe za mkono. Hapana. Hizo zitumwe kwa simu. Kamati inataka ahadi zitimizwe, haitaki kitenge.

Mezani, picha zako zina mbegu nisizozijua. Sisi tuna mninga. Kiangazi hiki matunda yake yako mengi chini ya miti, ya duara, katikati yana manyoya makali na pembeni bawa kavu jepesi. Matatu kwa kila meza kwenye kamba ya katani yanatosha. Manyoya yanachoma, kwa hiyo watoto wayaokote kwa kitambaa. Magome ya kuandikia namba za meza nimekataa, maana mti ukiuchuna gome kuuzunguka wote unakufa. Seremala wa Isevya atatukatia visahani kutoka kwenye mabaki ya matawi yake, na msasa nitapiga mimi.

Mishumaa tunayo. Babu yako wa Sikonge ameahidi nta baada ya kukamua asali. Nta iyeyushwe kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya kubwa yenye maji. Moja kwa moja motoni inaweza kushika moto. Utambi uwe wa uzi wa pamba uliochovywa kwenye nta hiyo hiyo. Tutamimina kwenye chupa za kioo za asali zenye midomo mipana, mishumaa isizimwe na upepo wa Oktoba.

Zawadi za wageni ni karanga za kukaanga kwenye vifuko vya kaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata isingepigwa ningeikataa.

Maua ni ya mwisho. Miyombo itakuwa inatoa majani mekundu kabla ya mvua, tutakata matawi machache shambani kwa babu asubuhi ile ile, kwa sababu majani machanga yananyauka upesi.

Mwisho wa mwezi nataka orodha ya upande wako na ya upande wa mwenzio, ikionyesha nani anakuja peke yake na nani anakuja na mwenzake. Shangazi yako mkubwa aandikwe wa kwanza. Ukikuta manila za rangi ya maziwa huko Dar, siyo nyeupe pee, zitume kwa basi, na uwaambie wasiweke mzigo juu yake.

Mama yako