Treni ya Vienna isiyoondoka

Saarbrücken, Januari, usiku

Shoga yangu mpenzi,

Natumai wewe na watoto mu wazima. Sisi hatujambo, mafua tu na theluji. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Umesema kamera umeipandisha juu ya kabati, kwamba tangu uhamie Toronto huoni cha kupiga picha, na hadithi zako zote umeziacha Tanga. Sikutaka kukujibu kwa neno moja la kukupoza moyo, ndiyo maana nilinyamaza. Siku zote hizi nne nimekuwa nikimfikiria mtu mmoja wa mji huu ninaoishi. Acha nikusimulie habari zake, kwa kirefu.

Kila Januari mji wetu huu wa Ujerumani hujaa waongozaji vijana waliokuja kwenye tamasha la filamu. Tamasha hilo lilianza 1980 na limepewa jina la Max Ophüls. Upo na uwanja mdogo mjini wenye jina hilohilo, nami nimeupita miaka miwili nikienda kazini bila kuuliza ni nani. Kumbe ni mwongozaji wa filamu, mtoto wa hapahapa. Alizaliwa tarehe 6 Mei 1902 katika familia ya Kiyahudi ya wafanyabiashara wa nguo, na jina lake halisi ni Maximilian Oppenheimer. Alipoingia kwenye maigizo ya jukwaani alijibadilisha jina, ili baba yake asije kuona haya mbele ya watu.

Alianzia jukwaani, na hakuwa amefikisha miaka 25 alipopata kuongoza michezo katika Burgtheater, jumba la maigizo la Vienna, mji mkuu wa Austria. Naona mji ule ulimwingia damuni, maana Vienna haikuwa kwao, lakini ndiyo aliyoirudia maisha yake yote. Mapema 1933 ikatoka filamu yake Liebelei, habari ya binti wa mwanamuziki wa Vienna na luteni anayeuawa katika pambano la bastola la watu wawili kwa ajili ya mapenzi ya zamani. Kuna mahali wapendanao wanapanda gari la farasi linaloteleza juu ya theluji, msituni, wanaahidiana kupendana milele, nawe mtazamaji tayari umeshaanza kuogopa. Wiki zilezile filamu ilipokuwa inatoka, jengo la Bunge pale Berlin likaungua moto, Hitler akapata kisingizio cha kuwaandama wapinzani wake. Max akamchukua mkewe Hilde, aliyekuwa mwigizaji, na mtoto wao Marcel wa miaka mitano, wakaenda Paris. Filamu iliendelea kuonyeshwa Ujerumani, jina la mwongozaji limefutwa.

Ufaransa alifanya kazi mfululizo, akaenda kupiga filamu moja Italia 1934 na nyingine Uholanzi 1936. Hapa kuna jambo lililonigusa kama Mtanzania. Mkataba uleule wa Versailles, wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulioitoa Tanganyika mikononi mwa Wajerumani uliuweka na mkoa huu wa Saar chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Januari 1935 wenyeji wakapiga kura wachague pa kwenda, na zaidi ya asilimia 90 wakachagua Ujerumani, Hitler akiwa tayari madarakani. Fikiria wewe ni Max, uko Paris, unasikia majirani zako wa utotoni wamechagua hivyo. Yeye alichukua uraia wa Ufaransa mwaka 1938. Vita vilipoanza akavaa sare ya jeshi la Ufaransa, na redioni akatangaza kwa Kijerumani dhidi ya Hitler. Ufaransa ilipoanguka 1940 ikabidi akimbie mara ya pili.

Mwaka 1941 akafika Marekani na familia yake. Sasa nisikilize vizuri hapa, shoga yangu, kwa sababu hapa ndipo nilipokukumbuka. Huyu alikuwa mtu mwenye filamu zaidi ya 10 nyuma yake. Hollywood ilimkalisha miaka mitano bila kupiga filamu hata moja. Mwongozaji Preston Sturges, aliyekuwa ameipenda Liebelei, ndiye aliyemfungulia mlango, lakini kazi hiyo ya kwanza ilikuwa ya tajiri Howard Hughes, na Max akafukuzwa kabla haijakamilika. Filamu aliyoimaliza hatimaye, ya 1947, inaitwa The Exile, habari ya mfalme wa Uingereza aliyekimbilia Uholanzi. Kwenye filamu zake za Marekani jina lake limeandikwa Opuls. Herufi moja ilibaki njiani.

Mwaka uliofuata ndipo akatengeneza ile ninayoipenda kuliko zote, Letter from an Unknown Woman. Mwanamke yuko kitandani anaumwa, anamwandikia barua mpiga piano aliyempenda tangu utotoni, naye mwanamume hamkumbuki kabisa. Hadithi hiyo ni ya Stefan Zweig, Myahudi wa Vienna ambaye naye alikimbia, akajiua Brazili mwaka 1942. Aliyeshika kamera ni Franz Planer, yuleyule aliyepiga Liebelei miaka 15 nyuma, naye amefika California kwa njia zake. Basi jamaa hawa wawili wanakutana kwenye studio za Universal, kwenye jua lile lisiloisha, wanaijenga Vienna upya kwa mbao na plasta na theluji ya bandia.

Kuna usiku wapendanao wanaingia kwenye bustani ya michezo, wanakaa kwenye behewa. Dirishani zinapita Venice, milima ya Uswisi, wao wanaongea. Halafu kamera inatoka nje, tunaona behewa halina magurudumu. Nchi zile ni picha zilizochorwa kwenye kitambaa kirefu, na mzee mmoja anazizungusha kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Nchi zinakwisha, mwanamume analipa tena, wanaanza upya. Nililia mahali hapo, na hakuna hata neno la kusikitisha lililosemwa.

Kamera ya Max haikai, unajua. Inapanda ngazi na mtu, inacheza waltz na mtu. James Mason, aliyeigiza kwenye filamu zake mbili za 1949, alimtungia kishairi cha utani kwamba picha isiyotaka reli za kamera ni mateso kwa maskini Max. Wapo wanaosema kamera hiyo ilitangatanga kwa sababu mwenye nayo alitangatanga. Siwaamini. Itazame Liebelei, ilikuwa inatembea hivyohivyo kabla hajafunga mizigo. Alikimbia nayo kama ilivyo.

Aliporudi Ufaransa akafanya La Ronde, 1950, na tena ni Vienna, safari hii katika studio ya hukohuko. Kwa hiyo alijenga Vienna katika nchi tatu. Filamu yake ya mwisho, Lola Montès ya 1955, iligharimu fedha nyingi sana. Watazamaji wa kwanza wakaizomea, watayarishaji wakaikatakata. Waongozaji wakubwa, akiwemo Rossellini na Cocteau, waliandika barua gazetini kuitetea, haikusaidia. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alifia Hamburg, Machi 1957, ana miaka 54, alikokuwa amekwenda kuongoza mchezo jukwaani, kwa Kijerumani, lugha yake. Majivu yake yako Paris. Mwaka 2008 Lola Montès ilionyeshwa tena baada ya kurekebishwa, karibu kabisa na alivyoitaka.

Diski ya ile ya barua nimeitia kwenye kifurushi, pamoja na kanga mbili na karafuu. Itazame watoto wakilala. Halafu niambie kuhusu ile hadithi ya bibi yako, aliyekuwa akiuza machungwa stesheni ya Muheza na kumngoja yule bwana kwenye treni ya Moshi. Uliniambia hutaweza kuipiga mpaka urudi, kwa sababu treni iko huko. Mimi nimekaa naihesabu: dirisha moja, taa, kitambaa cha kijani kilichochorwa milima ya Usambara, na mtu wa kukivuta taratibu. Mwanao mkubwa anaweza kukivuta. Ila hukuwahi kunimalizia: siku ile bwana alipopita bila kushuka, bibi aliyafanyaje yale machungwa?

Akupendaye,
shoga yako wa Saarbrücken