Risala ya Akina Mama Wachuuzi wa Dagaa wa Kibirizi, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Saratani Duniani, Februari 4

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wa kata na mitaa, viongozi wetu wa dini, wauguzi, wazazi wenzetu na vijana wa mwaloni,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kushuka hadi huku mwaloni kwetu, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ambako wavuvi hushusha dagaa. Leo tumeanika mapema kuliko siku zote ili saa hii tuwe na nafasi ya kukaa nawe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi ni akina mama 34. Tunanunua dagaa kwa wavuvi alfajiri, tunaanika na kuwasafirisha. Tulianza kama kikoba cha kuweka hisa na kukopeshana. Vikao vyetu huangukia siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazifui dafu, mitumbwi hupumzika, nasi tunapumua. Katika kikao kimoja cha namna hiyo, miaka minne iliyopita, mwenzetu alisimama akaomba mkopo wa nauli ya Dar es Salaam. Tulipomuuliza ana shida gani, alisema tumbo. Tukampa. Hatukujua kwamba alikuwa anatokwa damu kwa zaidi ya mwaka mzima.

Habari zake tunazisoma kwa ruhusa ya watoto wake, ambao wapo hapa leo. Alianza kwa kuona damu kila baada ya kukutana na mumewe. Akanyamaza. Ukafuata uchafu wenye harufu, akanywa mizizi. Akaenda kutibiwa, akapewa vidonge vya U.T.I.; vilipoisha akapewa vingine, na vingine tena. Mara zote hizo hakuna aliyemwambia apande kitandani achunguzwe. Harufu ilipozidi mumewe alihamia chumba cha pili, halafu akahama mji. Yeye naye akaacha kukaa nasi mkekani, akawa anasimama pembeni upande upepo unakoelekea. Sisi tulidhani ameingiwa na majivuno. Hilo, mheshimiwa, linatuuma hadi leo.

Alikwenda kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200, siku mbili amekaa akiwa amejifunga kanga tatu. Taasisi ya Saratani Ocean Road walimweleza ukweli kwamba ugonjwa umeshasambaa. Walimpa mionzi, damu ikakata, maumivu yakapungua, akarudi akaishi nasi mwaka mmoja na miezi. Binti yake mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Aliacha shule akamuuguza mama yake, na hakurudi.

Baada ya arobaini tulimwomba muuguzi aje atufundishe. Mengi aliyotuambia hatukuwahi kuyasikia, na wengine tulikuwa tumeshazaa mara sita.

Alianza na saratani yenyewe. Ukijikata kisu, nyama huota mpaka kidonda kifunge, kisha huacha. Seli ya saratani haiachi. Inaota tu, inasukuma majirani zake, mwishowe inasafiri na damu kwenda kuota pengine. Si uchawi wala si laana ya ukoo, na mtu haipati kwa kula sahani moja na mgonjwa.

Kisha akaja kwenye ile iliyomchukua mwenzetu, saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata na kuwaua wanawake wengi zaidi Tanzania kuliko saratani nyingine. Karibu mara zote chanzo chake ni kirusi kiitwacho HPV, kinachopita kwa kujamiiana. Wengi wetu tumekipata na mwili ukakiondoa wenyewe bila sisi kujua. Kisipoondoka, kinabadilisha seli polepole: miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga imara, miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama mwenye VVU asiyetumia dawa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotutoa machozi. Miaka 15! Katika muda huo mwenzetu alihudhuria kliniki ya wajawazito mara tatu. Alipimwa uzito, alipimwa damu, alichomwa sindano za pepopunda. Kipimo cha mlango wa kizazi hakukijua, na hakuna aliyemtajia.

Na kipimo chenyewe si cha kutisha. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, anaangalia. Penye seli zilizobadilika panageuka peupe. Kama ni padogo, panagandishwa au kuchomwa kwa kifaa cha joto, mara nyingi siku hiyohiyo, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kati yetu 34, wamepima 31. Watatu walikutwa na weupe, wakatibiwa, na wamekaa mstari huo wa mbele wakikusikiliza.

Waume zetu mlioko hapa, kirusi hiki ninyi mnakibeba bila dalili yoyote. Mkeo akikuambia anakwenda kupima, mpe nauli na umshike mtoto.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba tukae kidogo kwenye chanjo ya kukinga kirusi hiki. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huku kwetu umeenea uvumi kwamba inafunga kizazi. Wazazi wamewaficha mabinti siku ya chanjo, na hata ndani ya kikundi hiki wamo waliofanya hivyo. Chanjo hii haina kirusi kilicho hai, na haigusi uzazi. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, na mionzi inayokuja kuitibu. Tunaomba masheikh na wachungaji mliopo mliseme hili mimbarini, maana mkisema ninyi watu wa Kibirizi wanasikia kuliko tukisema sisi.

Saratani nyingine tutazigusa tu. Uvimbe kwenye titi usiouma usingojewe uume. Mtoto akivimba taya haraka, apelekwe hospitali, isidhaniwe ni jino. Ipo saratani ya watoto inayoandamana na maeneo ya malaria kama letu, na dawa inaiponya ikiwahiwa. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu inayoharibu ini. Sigara tunaijua sote. Na mtoto mwenye ualbino asitumwe kugeuza dagaa juani. Yupo mama hapa aliyekuwa akimtuma mwanawe, sasa amemnunulia kofia pana na anamwachia kazi za kivulini.

Mfuko wetu wa jamii tunauchangia shilingi 1,000 kila kikao. Mpaka sasa umewapeleka akina mama wawili hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako tiba ya mionzi ipo na ni karibu kuliko Dar. Lakini mionzi huchukua wiki tano hivi, siku tano kwa wiki. Nauli tunaimudu. Pa kulala wiki tano, hapo tunakwama.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, upimaji uwafuate wanawake wa vijiji vya ziwani kwa boti, maana wao barabara yao ni maji. La pili, wagonjwa wa Kigoma wapatiwe mahali pa kufikia wanapokwenda kwenye mionzi. La tatu, mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, na tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mgonjwa mateso, vipatikane huku karibu. Mwenzetu usiku wa mwisho alikuwa na panadol tu, na kilio chake kilisikika hadi nyumba ya nne.

Mheshimiwa mgeni rasmi, akina mama kutoka vijiji vya ziwani vya Mwamgongo na Kagunga walifika jana jioni, wamelala kwa wanakikundi. Wauguzi wako tayari nyuma ya pazia lile la bluu. Boti ya kuwarudisha inaondoka saa tisa alasiri, hivyo tunakuomba kwa heshima uridhie upimaji uanze sasa, wakati wewe ukituhutubia.

Tunaomba kuwasilisha.