Redio za upepo kwenye magari ya utalii zifungwe vizuri

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongelee redio za upepo, yaani zile za kuongea gari kwa gari, kwenye magari ya utalii huku kaskazini. Wengi wanaona ni za kuulizana simba yuko wapi tu, lakini ukikwama kwenye tope la Ndutu kule mbugani mvua inanyesha, wageni wako ndani na simu haishiki mtandao, hiyo redio ndo msaada wenyewe, sasa kwa nini inafungwa hovyo hovyo?

Mafundi wengi wanachukua umeme kwenye soketi ya kuwashia sigara, afu redio ya wati 50 ukibonyeza kuongea inavuta zaidi ya ampea 10, waya mwembamba unapata moto na sauti inakatika katika. Inatakiwa waya mnene utoke moja kwa moja kwenye betri na fyuzi ikae palepale karibu na betri, ili waya ukichubuka njiani usije ukaunguza gari. Antena nayo inawekwa chini kwenye bampa wakati ikikaa juu inafika mbali zaidi, na kebo yake unaikuta imebanwa na mlango mpaka imepondeka, hapo unategemea nani akusikie kweli?

Naomba kampuni zipime redio na antena za kila gari kabla ya msimu, na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, wanaotoa leseni za masafa ya redio wadai na ukaguzi wa ufungaji. Na sisi madereva tupaki pembeni ndo tuongee kwenye redio.

Dereva wa utalii, Arusha