Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: wagonjwa waambiwe watangoja muda gani

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mwanga.

Wiki iliyopita nilikaa foleni ya dawa katika hospitali moja ya umma, benchi moja na mama aliyeshuka boti Kibirizi asubuhi kuchukua dawa za mumewe. Mkononi alishika kipande cha boksi chenye namba 61. Njaa ilimuuma, lakini hakuthubutu kutoka getini kununua uji, namba isije ikampita. Kila mara alinyanyuka: “Mwanangu, bado sana?” Akajibiwa: “Bado kidogo mama, utaitwa.” Boti ya kurudi ilikuwa ya saa nane.

Mbele yake walikuwepo watu 30. Madirisha matatu yalikuwa wazi, kila mgonjwa akitumia kama dakika 6, yaani watu 30 kwa saa. Ungedhani atangoja saa moja. Lakini wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga walikuwa wakifika kama 9 kwa saa, na hao humtangulia hata wakija nyuma yake. Kwa foleni ya kawaida zinabaki nafasi 21. Gawa 30 kwa 21: dakika 86.

Kisha dirisha moja likafungwa, mhudumu akaenda kunywa chai. Nafasi zikawa 20. Toa 9, zinabaki 11. Dirisha lingekaa limefungwa, watu wale wale 30 wangechukua dakika 164. Tumepoteza theluthi ya madirisha, na subira ya mama huyu inakaribia kuwa maradufu! Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Siombi wazee waondolewe kipaumbele, hata kidogo. Naomba gharama yake ihesabiwe. Agner Krarup Erlang, Mdenishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni za kungoja penye wahudumu wengi. Mwaka 1954 Alan Cobham akaingiza kipaumbele. Chukua siku ambayo wagonjwa 27 wanafika kwa saa, bila ratiba, 9 kati yao wakiwa wa kipaumbele, na aliyeko dirishani hakatizwi. Wote wakipangwa sawa, kila mmoja hungoja kwa wastani dakika 16. Wakitangulizwa wale 9, wao hungoja dakika 2 na ushee, wengine 23, na wastani wa wote unabaki 16 ile ile. Subira haikupungua, imehamia kwa wengine. Na madirisha yakibaki mawili, yanahudumia 20 huku wanafika 27: foleni inarefuka kwa watu 7 kila saa, na hakuna kanuni itakayoifupisha.

Ombi langu ni ubao na chaki pale dirishani. Kila nusu saa, na kila dirisha linapofungwa au kufunguliwa, uandikwe muda wa kungoja kwa anayefika sasa, wa kipaumbele na wa kawaida kila mmoja mahali pake. Chai nayo iwe ya zamu, foleni ikiwa fupi.

Yule mama alipata dawa saa nane na nusu, akaenda kulala kwa shemeji yake Gungu.

Nipo tayari kuja kuwaonyesha wahudumu hesabu hii siku yoyote baada ya vipindi.

Wako,
Mwalimu wa hisabati, Mwanga