Barua ya malalamiko kuhusu jile 40 ambazo hazimbebi mtu juu ya maji

Bukavu, tarehe 9 Desemba 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni iliyotuuzia vifaa vya majini

Kuhusu: jile 40 za kuokolea, yaani jaketi za kuelea majini, tulizopokea tarehe 28 Oktoba 2024

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu. Mimi ndiye msimamizi wa kituo cha jamii cha mashua za matanga hapa Ibanda, kando ya Ziwa Kivu, na wa gati la watu wote lililo pembeni yake. Nimefika dukani kwenu mara mbili, nimepiga simu mara nyingi, na kila mara naambiwa nisubiri. Ndiyo maana leo ninaandika.

Tarehe 14 Oktoba tuliagiza kwenu jile 40, yaani 26 za watoto na 14 za watu wazima. Agizo niliandika kwa mkono wangu: za watu wazima ziwe za nyutoni 100, yaani nguvu ya kuelea inayobeba kama kilo 10, za watoto ziwe za daraja hilohilo kulingana na uzito wao, zote ziwe na kola ya kushikilia kichwa, na za watoto ziwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Tulilipa dola 1,400 taslimu kabla ya kuona mzigo. Fedha hiyo haikutoka kwa mfadhili. Ni franka za mitumbwi inayofunga kamba gatini kwetu, za wamama wanaoleta mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi na za wavuvi wanaoshusha sambaza alfajiri. Tuliziweka kidogo kidogo kwa miezi 14, na zilikuwa za kubadilisha mbao za gati zilizooza.

Lakini kabla ya agizo hilo ikaja tarehe 3 Oktoba. Siku hiyo unaijua kama ninavyoijua mimi. Boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku kule Goma, ikiwa imebakiza kidogo tu ifike, na watu walikuwa wamesimama ufukweni wakitazama. Hapa Bukavu nani asiye na mtu wake Minova au Goma? Jumapili iliyofuata kamati yetu ilikaa, na hakuna aliyetaka tena kusikia habari za mbao. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hajawahi kuvaa jile maishani mwake, ndiye aliyesema fedha yote iende kwenye jile. Nilipokuja kwenu nilimweleza hayo kijana wenu wa mauzo, neno kwa neno, ili ajue tunanunua nini na kwa nini.

Jumamosi tarehe 23 Novemba tulikuwa na somo la kupindua mashua. Mtoto anayejifunza matanga lazima ajue la kufanya mashua ikilala ubavu: asiiache, aizunguke, apande juu ya ubao unaotokeza chini yake, aegemee nyuma kwa uzito wake wote mpaka mlingoti utoke majini. Tunaipindua kwa makusudi, asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, na mtumbwi wa mwalimu uko karibu. Somo hilo ndilo linalomwondolea mtoto woga, na bila jile nzuri halifundishiki.

Msichana wa miaka 11 aliingia majini, na jile ikapanda. Mkanda wa miguu haukuwepo. Kwenye jile zenu za watoto kuna kamba ya kiunoni tu. Ikampanda hadi masikioni, mikono yake ikasukumwa juu, uso ukabaki chini ya kola. Alikuwa akipiga maji kwa miguu, hawezi kujigeuza wala kuita. Mwalimu aliruka akamvuta. Alikunywa maji, akakohoa sana, akalia. Tunamshukuru Mungu, ni mzima. Lakini yeye ni mtoto wa mvuvi, anaogelea tangu akiwa mdogo. Kati ya wale watoto 12 wa siku ile, watano walikuwa hawajui kuogelea kabisa, na zamu yao ilikuwa inafuata.

Mama yake alipofika hakupiga kelele. Aliichukua ile jile, akaikamua kama nguo, maji yakatiririka. Akaniuliza: «Papa, hii mulituambia ni ya kazi gani?» Sikuwa na jibu. Swali hilo sasa naliweka mbele yako.

Jioni ileile tulifunga kituo tukazipima. Mfanyabiashara mmoja wa soko alituazima vyuma vyake vya mizani. Chuma cha kilo 10 kikiwa ndani ya maji uzito wake hushuka chini ya kilo 9, kwa hiyo jile ya kweli ya nyutoni 100 inakibeba na kubaki inaelea. Tulifunga kilo 10 kwenye jile ya mtu mzima, ikazama hapohapo. Kilo 8, ikazama. Ilielea na kilo 5. Tukajaribu nyingine tatu za watu wazima, na zote zilikuwa hivyohivyo. Tukaziacha majini usiku kucha zimelaliwa na mawe. Asubuhi hata kilo 4 zilizishinda. Lebo yake lakini imeandikwa 100, kwa tarakimu kubwa.

Tukachana moja. Ndani tulikuta vipande vya sponji kama ya godoro, vimeshonwa pamoja. Povu la jile lina vijitundu vilivyofungwa, kila kimoja na hewa yake, maji hayapiti. Sponji ya godoro inakunywa maji. Mtu akiivaa hiyo, dakika za kwanza anadhani amepona, kisha inakuwa mzigo wa kumvuta chini. Mimi naona ni afadhali mtu asiye na jile, kwa sababu yeye anajua hana, na mawingu yakikusanyika upande wa Idjwi hatoki gatini.

Kijana wenu alinijibu mambo mawili. La kwanza, kwamba nilitia saini karatasi ya mapokezi. Nilitia, ndiyo: nilihesabu jile 40, nikaona lebo, nikaamini. Kosa la kutozipima siku ileile ni langu, na nimelikiri mbele ya wazazi. Lakini saini yangu haiwezi kugeuza sponji kuwa povu, wala kuweka mkanda ambao haupo.

La pili liliniumiza zaidi. Alisema Kivu ni ziwa tulivu, halina mamba, hata jile ya nyutoni 50 inatosha. Jile ya nyutoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na msaada. Haimgeuzi aliyezimia ili uso wake utazame juu. Na ziwa hili halina ufuko wa kutembea polepole mpaka maji yafike kifuani. Kando yake inakatika ghafla. Gatini kwetu, hatua chache tu kutoka kwenye jiwe la mwisho, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi haugusi chini. Kule kaskazini kina chake kinakaribia mita 480. Na msimu huu wa mvua upepo wa alasiri haubishi hodi; wasafiri wanaotoka Idjwi na mizigo yao wanaujua.

Kwa hiyo tunataka haya. Mturudishie dola 1,400, au mtuletee jile 40 zilizo sawa na agizo, na tuzipime pamoja gatini, kwa vyuma vilevile, kabla ya kutia saini yoyote. Tunawapa siku 10 tangu mpokee barua hii. Zikipita, kamati itapeleka shauri hili kwa wakubwa wanaohusika na usafiri wa majini, pamoja na fakture, yaani ankara ya manunuzi, na ile jile tuliyoichana.

Fedha, hata hivyo, siyo inayoninyima usingizi. Wiki iliyopita mwenye boti mmoja alifunga kamba kwetu, na kwenye viti vyake niliona jile zenye uzi uleule wa rangi ya machungwa na lebo ileile. Alinunua kwenu 30. Nilimwonyesha sponji, akakaa chini kimya. Mna daftari la mauzo. Mnajua nani mwingine alichukua mzigo huo. Wapigieni wote leo, kabla ya kutujibu sisi. Sisi jile zetu tumezifungia, watoto hawaingii majini, tunaweza kusubiri. Abiria wa kesho asubuhi hawawezi.

Kijana wenu ameomba tuzirudishe zote 39 zilizobaki pamoja na ile iliyochanwa, ndipo mfikirie malipo. Zitarudi, lakini kwa njia moja tu: mtume mtu wenu gatini, azihesabu, kisha tuzichane moja moja mbele yake, azibebe zikiwa vipande. Jile nzima haitatoka mlangoni kwangu ikauzwe tena.

Kwa heshima,

Msimamizi wa kituo, kwa niaba ya kamati ya gati