Mwezi uliodhaniwa kombora

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sote wazima. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, kisha nikaona bora nikae niandike, maana jambo lenyewe si la kujibiwa nikiwa nimesimama jikoni.

Kwanza hongera kwa Salim. Nilipiga kigelegele peke yangu hadi jirani akachungulia dirishani. Mtoto tuliyembeba kwa zamu mgongoni leo ni mhandisi wa rada huko Kanada! Unasema kazi yake ni kuandika programu ya kutambua kama kitu kinachoonekana angani ni kombora kweli au ni kitu kingine. Unasema pia kwamba furaha imekujaa lakini usingizi umekukimbia, na unaniuliza mimi, mama yake mdogo, kama kazi hiyo ina heri. Umemuuliza mtu wa maabara, basi nitakujibu kimaabara.

Kwetu kipimo cha kwanza cha virusi vya UKIMWI kikionyesha ndiyo, mgonjwa haambiwi neno mpaka tumefanya cha pili, cha aina nyingine. Zamani, kabla sijahamia hapa nilipo, nilishuhudia binti akipewa jibu la kipimo kimoja tu siku ya foleni ndefu, na jibu lenyewe halikuwa lake. Chupa mbili zilikuwa zimebadilishana namba. Aliporudi wiki ya tatu alikuwa amekonda kwa mawazo matupu. Mashine zote hukosea, hilo nimelizoea. Kinachonitia hofu ni pale muda wa kipimo cha pili unapokosekana. Na mashindano haya ya silaha za nyuklia, kila nikiyasoma, naona jinsi yanavyoula muda huo.

Mwanzoni muda ulikuwepo. Ndege ya kubeba bomu huchukua saa nyingi kufika, na rubani anaweza kuitwa arudi. Mwaka 1957 Wasovieti wakafaulu kurusha R-7, kombora la kwanza la kuvuka mabara. Kombora la balistiki husukumwa na injini kwa dakika chache tu. Baada ya hapo linapaa hadi nje ya hewa na kuanguka kama jiwe lililorushwa, lakini kwa kasi ya kilomita saba hivi kwa sekunde. Kutoka Marekani hadi Urusi ni kama nusu saa. Ukishalirusha, haliitiki ukiliita.

Sasa mwambie Salim hiki kisa, kama hakukisoma chuoni. Tarehe 5 Oktoba 1960, rada mpya kabisa ya Wamarekani kule Thule, Greenland, ilitoa taarifa kwamba makombora ya Kisovieti yanakuja kwa wingi. Taarifa ikafika Colorado, makao makuu ya NORAD, jeshi la pamoja la Marekani na Kanada la kulinda anga, na aliyeshika dhamana pale alikuwa Mkanada, Roy Slemon, naibu kamanda. Akauliza swali moja: Khrushchev yuko wapi? Akajibiwa yuko New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Slemon akaona haiingii akilini kwamba Wasovieti waishambulie Marekani huku kiongozi wao yumo ndani yake. Walipochunguza wakakuta kwamba mawimbi ya rada yalikuwa yamegonga mwezi uliokuwa ukichomoza upande wa Norway, yakarudi. Mwezi, Mwanaisha! Huu huu tunaoutafuta jioni ya ishirini na tisa, macho upande wa milima ya Usambara, na bado tukabishana nani ameuona. Waliotengeneza mtambo ule walikuwa mabingwa, lakini hakuna aliyeukumbuka mwezi.

Yupo na Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Wasovieti, ambaye mimi humwombea hasa. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 alikuwa zamu katika kituo cha chini ya ardhi kusini mwa Moscow, akisoma taarifa za setilaiti zinazolinda anga. King'ora kikalia: kombora moja limetoka Marekani. Mara likawa la pili, la tatu, hadi matano. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Wasovieti waidungue ndege ya abiria ya Korea na kuua watu 269, na pande zote mbili zilikuwa zimekaa kwa hasira na woga. Petrov aliwaza kwamba hakuna anayeanzisha vita kama hiyo kwa makombora matano, tena rada za ardhini hazikuona kitu. Akaripoti kwamba mtambo umekosea. Kisha ikabidi asubiri, kama mtu yeyote, kuona kama yuko hai. Baadaye ikaonekana kwamba ulikuwa mwanga wa jua uliomulika mawingu ya juu. Na alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu! Mimi niliyejaza daftari kwa miaka ishirini na mbili najua mikono ya mtu aliye katika hali ile haishiki kalamu.

Miezi miwili baada ya usiku huo, Marekani ikaanza kuweka makombora ya Pershing II Ujerumani Magharibi, kujibu makombora ya SS-20 ambayo Wasovieti walikwisha kuyaelekeza Ulaya. Moscow waliamini Pershing ingewafikia kwa dakika zisizozidi kumi. Muweke Petrov kwenye dakika kumi, toa za kupiga simu, toa za kumwamsha mkubwa usingizini. Zimebaki ngapi? Ndiyo maana naupenda mkataba ambao Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Wasovieti walitia saini Desemba 1987. Makombora 2,692 ya masafa mafupi na ya kati yaliharibiwa kufikia 1991, na dunia ikarudishiwa dakika zake. Mkataba huo ulikufa Agosti 2019, na nililia siku ile ingawa hapa mtaani hakuna aliyejua nalilia nini.

Unasema kujikinga ni haki ya kila nchi. Ni kweli. Lakini wazee wetu walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walikusudia vijinga vya mekoni. Mimi nasikia na ile kinga nyingine. Jirani akijenga ngao ya kudungua makombora yako, utamwacha? Utaongeza makombora, au utabandika vichwa vitatu juu ya kombora moja, kama Wamarekani walivyofanya na Minuteman III mwaka 1970. Nixon wa Marekani na Brezhnev wa Wasovieti waliliona hilo, wakakubaliana mwaka 1972 kuziwekea ngao mpaka. Marekani ikajitoa mwaka 2002, na mwaka 2018 Putin alipotangaza silaha zake mpya alisema wazi kuwa ni jibu la kujitoa huko.

Halafu ule msemo wako kwamba haya ni ya wakubwa, sisi hayatuhusu. Shoga, sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Waliochimba walikuwa watu wa kule, ambako hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Hakuna aliyewaambia mawe yale ni ya nini.

Kwa hiyo sikwambii umkataze. Kazi yake ni ile ile ya Petrov na Slemon, na afadhali aikalie mtoto aliyelelewa na wewe. Nina ombi moja tu kwake. Programu yake ikisema ndiyo, kipimo cha pili kinafanywa na nani, kwa mtambo upi usiotegemea ule wa kwanza, na anabakiwa na dakika ngapi? Siyo siri ninazotaka. Nataka nijue kama swali hilo limeulizwa mezani kwao, na kama halijaulizwa, aulize yeye, hata akiwa ndiye mdogo kuliko wote. Mwambie aniandikie kwa mkono wake, siyo sauti.

Rehema, dada yake Salim, anasafiri kuja kwenu mwezi ujao. Nimempa vitumbua vikavu na iliki ya Amani, usimwachie Salim vyote.

Wako,
Zuhura